Kesi ya Waogiek iliisha Arusha, sasa hapa Nairobi ni nani anaifuatilia?

Kwako Mhariri,

Naomba nafasi kwa gazeti lako niseme kuhusu hii mambo ya haki za jamii za kiasili, juu kila ikitajwa hapa Nairobi, iwe kwa matatu ama kwa redio asubuhi, lazima mtu aseme hizo ni kelele za wazungu na mashirika yao, ati wametoka Geneva na New York kuja kutufunza vile tutaishi na watu wetu. Nimeiskia hiyo hoja mara nyingi na sikubaliani nayo hata kidogo. Hukumu kubwa zaidi nchi hii imewahi kupewa kuhusu hii maneno haikutoka kwa mzungu, ilitoka Arusha, pale tu ng'ambo ya Namanga, ukipanda basi la asubuhi hapa mjini mchana uko huko. Ni Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, majaji ni Waafrika, na sheria waliyotumia ni Mkataba wa Afrika ambao Kenya yenyewe iliuridhia 1992, halafu 2004 ikaridhia pia itifaki ya hiyo mahakama, na hakuna mtu alitushikia bunduki tutie sahihi. Hata jaji wetu Mkenya, Ben Kioko, alikaa kando kesi ikisikizwa juu sheria ya mahakama hairuhusu jaji kuamua kesi ya nchi yake. Sasa hapo mkoloni yuko wapi?

Kwa wale hawajaifuata hiyo kesi, ni ya Waogiek wa msitu wa Mau. Hawa ni watu wa mizinga ya nyuki, wa asali na uwindaji, wameishi huko vizazi na vizazi, na sensa ya 2019 iliwahesabu zaidi ya watu 52,000. Wamekuwa wakifukuzwa tangu wakati wa mkoloni na sisi tulipojitawala tukaendelea tu pale alipoachia. Walijaribu korti za hapa nyumbani kwanza, msidhani walikimbilia nje mbio mbio. Mwaka 2000 Mahakama Kuu ilitupa kesi ya Waogiek wa msitu wa Tinet, na moja ya sababu ilikuwa ati wamebadilika, wamejenga shule, wana maduka, wanalima, kwa hivyo hawaishi tena kama babu zao. Mimi hiyo sababu inanisumbua mpaka leo, juu maana yake ni kwamba Mwogiek akimpeleka mtoto shule anapoteza msitu, na asipompeleka tunamwita mtu wa nyuma. Hakuna Mkenya mwingine anaambiwa shamba la babake litachukuliwa kwa sababu ameweka mabati.

Basi Oktoba 2009 wakapewa notisi ya siku 30 watoke. Mwezi uliofuata mashirika yao, ya Waogiek wenyewe na wenzao wa hapa na wa Uingereza, yakapeleka malalamiko kwa Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu kule Banjul, Gambia. Tume ikaandikia serikali isimamishe, serikali haikujali, 2012 Tume ikaipeleka kesi kwa mahakama ya Arusha, Machi 2013 mahakama ikatoa amri ya muda kwamba hali ibaki vile ilivyo mpaka kesi iamuliwe, na hukumu ikatoka tarehe 26 Mei 2017. Kenya ilipatikana imevunja vifungu saba vya Mkataba: ubaguzi, dini, mali, utamaduni, haki ya mali asili, maendeleo, na ile ahadi ya kwanza kabisa ya kuheshimu Mkataba wenyewe. Na mahakama haikuwapa Waogiek kila kitu, nasema hivyo juu kuna wenye wanadhani ilikuwa ya kupendelea. Hoja ya haki ya kuishi ilikataliwa.

Lakini sehemu yenye ningetaka kila mtu Nairobi aisome ni ile ya msitu. Serikali ilikuwa inasema inawatoa ili kuokoa Mau, na hiyo sauti imeingia kwa vichwa vyetu sana, hata watu wazuri wanaopenda miti wanaamini hivyo. Majaji walienda kwa ripoti za serikali yenyewe wakasema hapana, hakuna ushahidi kwamba Waogiek ndio walimaliza huo msitu, uharibifu umetokana na watu wengine kuvamia, na serikali kukata vipande ikagawa, na leseni za kukata miti zilizotolewa bila kufikiria vizuri. Na sisi wenye umri tunakumbuka 2001 vile makumi ya maelfu ya hekta za Mau ziliondolewa kwa msitu kwa kalamu tu, na kila mtu alijua wakubwa hawakukosa kipande chao. Sisi wa Nairobi maji yetu yanatoka Aberdare, labda ndio maana Mau tunaiona mbali, lakini mto Mara unaanzia huko, Njoro unaanzia huko, Sondu pia, hao nyumbu tunaendea picha Agosti wanavuka maji ya Mau. Mimi pia nataka huo msitu upone. Ninachokataa ni kumtoa mtu mwenye anahitaji maua ya miti ndio nyuki wake watengeneze asali, halafu tuite hiyo uhifadhi.

Halafu kuna fidia. Tarehe 23 Juni 2022 mahakama ikasema Kenya ilipe shilingi 57,850,000 kwa hasara ya mali na 100,000,000 kwa mateso, ziingie kwa hazina ya maendeleo ya jamii. Ikasema Waogiek wapimiwe ardhi yao wakihusishwa, wapewe hatimiliki ya pamoja. Pale ambapo kuna watu wengine au kampuni zimekodisha, wakae chini waongee. Ikasema ndani ya miezi sita muhtasari wa hukumu utolewe kwa gazeti rasmi la serikali na kwa gazeti moja linalosomwa nchi nzima, na ndani ya miezi 12 serikali irudi Arusha na ripoti ya vile imetekeleza. Hesabu ni rahisi hapo, ilikuwa Juni 2023.

Na ni nini tuliona badala yake? Novemba 2023, Sasimwani, upande wa Narok, maaskari wa misitu na wenzao waliingia wakabomoa na kuchoma nyumba za Waogiek, mamia ya watu wakalala nje kwa mvua na watoto. Hiyo ni miezi miwili tu baada ya wakubwa wa Afrika nzima kukutana hapa kwetu KICC kwa ule mkutano wa tabianchi wa Septemba, tukaambiwa Kenya ndio itaongoza bara hili kwa mambo ya mazingira. Mimi nilipita hapo mjini siku hizo, barabara zilifungwa, mabango kila mahali, na sikuskia mtu kwa ule mkutano akisimama kuuliza hukumu ya Arusha imefika wapi. Yaani mahakama imesema warudishiwe ardhi na sisi tunaenda kuchoma. Mpaka naandika hii barua hatimiliki ya pamoja haijatoka.

Jirani yangu hapa Umoja ni mama Mwogiek, watu wake wako upande wa Nakuru, na yeye aliniuliza tu swali moja: "Kesi tulishinda, sasa tunangoja nani?" Nilimwambia nitatafuta. Nikauliza watu wanaojua sheria, nikasoma nilichopata kwa intaneti, na jibu nililopata ndilo limenifanya niandike.

Mhariri, hii mitambo yote ya kimataifa ya kuangalia haki za jamii za kiasili ni kama refa mwenye filimbi na hana kadi. Kule New York kuna Jukwaa la Kudumu la Umoja wa Mataifa, liliundwa 2000, lina wajumbe 16, kila mwaka watu wetu wanaenda wanasimama na shuka zao na shanga zao wanasoma taarifa ya dakika chache, muda ukiisha maikrofoni inazimwa, na serikali yetu nayo inasoma yake. Kule Geneva kuna jopo la wataalamu la 2007 na kuna mwangalizi maalum, cheo kilianza 2001, na wa kwanza kabisa, Rodolfo Stavenhagen wa Meksiko, alikuja hapa Kenya Desemba 2006 akazunguka na kuongea na hizi jamii, akaandika ripoti yenye ukiisoma leo unaweza kudhani imeandikwa jana. Kuna pia ule ukaguzi wa kila nchi unaofanywa na Baraza la Haki za Binadamu kila miaka minne na nusu hivi. Yote hii ni kazi nzuri na mimi siidharau hata kidogo, juu bila hiyo hatungekuwa na rekodi yoyote, ingekuwa neno la mama wa Sasimwani dhidi ya neno la afisa. Lakini hakuna hata mmoja kati yao anaeza kuja Narok kumshika askari mkono. Hata mahakama ya Arusha yenyewe, ambayo uamuzi wake unafunga serikali kisheria, haina polisi. Kazi ya kufuatilia utekelezaji imepewa baraza la mawaziri la Umoja wa Afrika, na nchi ikikataa mahakama inaiandika kwa ripoti ya mwaka inayopelekwa kwa marais. Marais ambao wengi wao wana hukumu zao pia nyumbani zimelala. Sasa nani atamnyooshea mwenzake kidole?

Waendorois wanajua hii hadithi kuliko mtu yeyote. Walitolewa Ziwa Bogoria miaka ya 70 ili iwe hifadhi ya wanyama, wakapoteza malisho na chumvi ya mifugo na mahali pao pa ibada. Tume ya Afrika iliamua kesi yao Novemba 2009 na tangazo likatoka mapema 2010, ikawa mara ya kwanza kwa bara hili Tume kusema wazi kwamba jamii ya kiasili ina haki ya ardhi ya mababu na haki ya maendeleo. Wanasheria wa dunia nzima wanaifundisha hiyo kesi vyuoni. Serikali ilipewa miezi mitatu iripoti. Mwaka uliofuata, 2011, Bogoria ikawekwa kwa orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO pamoja na Nakuru na Elementaita, na Waendorois hawakuwa wamekubali, mpaka Tume ikatoa azimio la kulalamika. 2014 kukaundwa jopokazi la mwaka mmoja, likaisha bila matunda. Mtu aliyekuwa mtoto wa kubebwa siku ya kufukuzwa saa hii ana wajukuu.

Na kuna hii ya Wasengwer wa msitu wa Embobut yenye inaniuma kwa njia nyingine. Hao pia wamechomewa nyumba mara nyingi, Januari 2014 ilikuwa mbaya sana, na walikuwa wameshalalamika kwa jopo la ukaguzi la Benki ya Dunia mwaka uliotangulia kwa sababu benki hiyo ilikuwa inafadhili mradi wa misitu. Halafu Januari 2018 Msengwer mmoja akapigwa risasi akafa, na Umoja wa Ulaya ukasimamisha mradi wake wa kuhifadhi vyanzo vya maji, wa yuro milioni 31. Siku hiyo ndio niliona Nairobi ikishtuka. Taarifa zikatoka, maofisa wakaongea, mikutano ikaitwa. Mahakama ya Afrika ilikuwa imetoa hukumu ya Mau miezi minane tu kabla na hatukuona hiyo haraka. Kwa hivyo wale wanaosema hatutaki kuingiliwa na wazungu wafikirie hapo, juu sisi wenyewe tumeonyesha ni sauti gani tunaiskia, tunaiskia ya mwenye pesa, na ya majaji wa Kiafrika tunaiweka kwa droo. Na hata hivyo pesa kusimama haikuwapa Wasengwer ardhi, mradi ulisimama na msitu ukabaki na wenye bunduki.

Kuna hoja nyingine naiskia sana, ya kwamba sisi sote ni wa kiasili, Mkikuyu ni wa kiasili, Mluo, Mkamba, Mmijikenda, kwa nini hawa wapewe ya kipekee. Hii si hoja ya ujinga na nadhani ndiyo ilifanya serikali yetu isipige kura Septemba 13, 2007 wakati Umoja wa Mataifa ulipitisha Azimio la Haki za Watu wa Asili, nchi 144 zikakubali, nne zikakataa, na 11 zikajizuia, sisi tukiwa kwa hizo 11. Wale wanne waliokataa, Marekani, Kanada, Australia na Nyuzilandi, walirudi baadaye wakaunga mkono. Jibu lenyewe Tume ya Afrika ilishalitoa tangu 2003 kupitia kikundi chake cha kazi, kwamba hapa Afrika hatuulizi nani alifika kwanza, tunaangalia ni jamii gani maisha yake yote yamefungwa kwa ardhi fulani, wawindaji, wafugaji, na ni nani ameachwa nje ya mezani kila nchi ikigawa kitu. Na Katiba yetu ya 2010 ikakubali. Kifungu cha 260 kinataja jamii zinazoishi kwa uwindaji na kuchuma, na cha 63 kinasema wazi ardhi ya mababu wa hizo jamii ni ardhi ya jamii. Sio sheria ya Geneva hiyo, tuliipigia kura wenyewe tukiwa kwa foleni Agosti. Waogiek, Waendorois, Wasengwer, Wayaaku wa Mukogodo, Waaweer wa Lamu, Wawaata, Waelmolo, hao wote hawaombi kitu zaidi ya kilichoandikwa humo.

Ndio nikamrudia jirani yangu na jibu ambalo halikumfurahisha na hata mimi halinifurahishi, kwamba hakuna mtu wa nje wa kumngoja. Mwangalizi wa kimataifa anaona, anaandika, anahukumu, lakini mkono wa kutekeleza uko hapa, uko kwa Mwanasheria Mkuu, kwa wizara ya ardhi, kwa wizara ya mazingira, kwa Hazina ya Kitaifa yenye itatoa hizo milioni 157 na laki nane na nusu, na kwa Bunge lenye halijawahi kulazimishwa na sisi wapiga kura kuuliza. Hesabu ya pesa za serikali inasomwa bungeni kila mwaka na kamati inaita maofisa inawauliza maswali makali mbele ya kamera. Kwa nini hukumu dhidi ya Kenya kutoka Arusha na Banjul zisisomwe hivyo hivyo, moja baada ya nyingine, tarehe ilikuwa gani, imefanywa nini, nani alipewa hiyo kazi, jina lake nani? Seneti ina kamati za haki na za ardhi, Bunge pia, haihitaji pesa ya mfadhili wala sheria mpya kuita mtu mmoja Jumanne asubuhi na kumuuliza.

Na Mwanasheria Mkuu nina ombi lake la peke yake. Waogiek walilazimika kupitia Banjul kwanza kwa sababu Kenya haijatoa lile tamko la kifungu cha 34(6) cha itifaki ya mahakama, linaloruhusu raia na mashirika kwenda Arusha moja kwa moja. Ilichukua karibu miaka minane kutoka malalamiko mpaka hukumu na mitano zaidi mpaka fidia. Jirani zetu Tanzania, wenye mahakama iko kwao, walikuwa wametoa tamko wakaliondoa 2019, Rwanda waliondoa lao 2016, Benin na Kodivaa wakafuata 2020. Mlango unafungwa bara nzima na sisi hatujawahi hata kuufungua. Nchi yenye inajiita ya demokrasia inaogopa nini hapo? Kama tuko sawa tutashinda kesi.

Gazeti lako nalo Mhariri linaweza kitu ambacho ofisi nyingi haziwezi. Chapisheni muhtasari wa hizo hukumu mbili za Arusha, ya 2017 na ya fidia ya 2022, kwa Kiswahili, ukurasa mmoja tu, mama Mwogiek wa Mariashoni asome mwenyewe alishinda nini bila kungoja wakili wa kumweleza. Na mtume mwandishi Sasimwani, halafu huyo huyo aende Sheria House, ofisi ya Mwanasheria Mkuu, na maswali matatu: pesa imelipwa kiasi gani, mpimaji wa ardhi ametumwa lini, na ripoti iliyotakiwa Juni 2023 ilipelekwa Arusha ikisema nini. Majibu mkipata mchapishe, na wakikataa kujibu mchapishe hivyo, na muendelee kuuliza kila mwezi wa Juni, sisi tukisoma.

Msomaji wenu,
Umoja, Nairobi